Kigoda cha Milanzi na Jina Lililoisha Muda

Masimulizi ya utawala wa Ufipa yana mfalme aliyekwenda kuwinda. Alikuwa mfalme wa Milanzi, mahali ambapo leo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, na kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba watatokea wageni, na kwamba wakitokea asiwaachie kigoda chake. Wageni wakatokea kweli, wanawake watatu wa ukoo wa Twa, na mfalme aliporudi alikuta kigoda kimekwisha kukaliwa. Hakuchomoa mkuki. Enzi ya nchi ikapita kwa Watwa, naye akabaki na eneo lake la Milanzi pamoja na heshima ya kimila ambayo wafalme wapya hawakuthubutu kuifuta. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu dola ya Wafipa mwaka 1981, alikuta simulizi hili likisemwa kwa namna mbalimbali, lakini kiini chake ni kimoja: mwenyewe hayupo, kiti kipo, mtu mwingine anakikalia, na baadaye pande mbili zinalazimika kukubaliana nini kimehama na nini kimebaki. Nalileta simulizi hili katika suala linaloonekana kuwa la jana tu, yaani jina la intaneti linaloisha muda, likachukuliwa na mwingine, na mwenye nalo wa kwanza akaanza kuhangaika kulirudisha.

Hoja yangu ni kwamba historia ya Ufipa ina majina ya aina mbili, na kwamba taasisi nyingi hupoteza majina yao ya intaneti kwa sababu huyachukulia kuwa ya aina ya kwanza wakati ni ya aina ya pili. Aina ya kwanza ni jina linaloishi vinywani mwa watu. Jina hilo halina tarehe ya mwisho. Mgeni anaweza kulifunika kwa jina lake, lakini watu wakiendelea kulitamka, litarudi siku mgeni atakapoondoka. Aina ya pili ni jina linaloishi kwenye kiti, na kwa lugha ya leo tuseme kwenye rejista. Hilo ni la yule aliyekikalia, hata kama nchi nzima inajua nani alikikalia juzi.

Ushahidi wa aina ya kwanza umeuzunguka uwanda wa Ufipa kila upande. Mashariki yake, chini bondeni, lipo Ziwa Rukwa. Mwaka 1880 msafiri Mskoti Joseph Thomson aliliona na kuliita Ziwa Leopold, na kwa miaka kadhaa wachora ramani wa Ulaya walifuata neno lake. Hakuna mtu wa bonde la Rukwa aliyeandika barua ya kupinga. Waliendelea kuvua samaki na kuliita ziwa kwa jina lao, na leo jina la Leopold limebaki kwenye ramani za zamani tu wakati Rukwa limekuwa jina la mkoa mzima tangu 1974. Magharibi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wajerumani walijenga boma Kasanga na kuliita Bismarckburg, kwa heshima ya Kansela wao. Waingereza waliliteka mwezi Juni 1916, na jina la Bismarckburg likaondoka na bendera yake. Kasanga ilirudi bila kesi, bila ada na bila fomu, kwa kuwa haikuwahi kuondoka midomoni mwa wavuvi na wapagazi waliopita hapo.

Meli ya Liemba yastahili kutazamwa kwa karibu zaidi, maana inafundisha jambo ambalo ziwa na boma haviwezi kulifundisha. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipoona hawawezi kuishikilia, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo hawakuizamisha kama watu wanaoaga. Kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito ili maji yasiile, kwa matumaini kwamba siku moja watarudi kuichukua. Grisi ilifanya kazi yake. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 mitambo ilikuwa bado inafaa, na tarehe 16 Mei 1927 meli ilirudi kazini. Ila ilirudi kwa mwenye mpya na kwa jina jipya, na jina hilo jipya lilikuwa la zamani kuliko meli yenyewe: Liemba, jina ambalo David Livingstone alilisikia na kuliandika alipofika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867. Hapa pana mambo mawili yaliyotokea kwa pamoja. Jina la vinywani lilijirudia lenyewe. Mali, kinyume chake, ilitunzwa vizuri sana na bado ikaenda kwa mwingine, kwa sababu kutunza kitu si kutunza haki juu ya kitu. Fundi aliyepaka grisi aliokoa mitambo, hakuokoa umiliki.

Kwenye enzi mambo yalikwenda kwa kanuni ya kiti. Watwa waliokikalia kigoda cha Milanzi nao waligawanyika baadaye, zikatoka dola mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja ikiwa na mfalme anayedai kuwa mrithi halali. Serikali ya Kiingereza ilipoleta utawala wa kupitia machifu katika miaka ya 1920, ilizitambua zote mbili, na kutambuliwa huko kukawa kiti kipya: chifu alikuwa chifu kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye daftari la Bwana Shauri, na mshahara wake ulifuata daftari. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta uchifu kisheria. Heshima ya koo hizo haikufutika kijijini, lakini mamlaka yalikwisha siku ile ile, maana mamlaka hayakuwa yakiishi vinywani.

Mwanahistoria makini atanikatiza hapa. Atasema kisa cha Milanzi ni ngano, kwamba hakuna anayejua kama mfalme huyo aliwahi kwenda kuwinda, na kwamba kujenga hoja juu yake ni kujenga juu ya mchanga. Nakubali nusu. Siwezi kumthibitisha mfalme wala safari yake, na hoja yangu haihitaji vithibitishwe. Ninachokitumia ni kile ambacho Wafipa wenyewe, kizazi kwa kizazi, waliona kinatosha kueleza jinsi enzi inavyohama. Wangeweza kusimulia vita. Majirani wengi husimulia vita. Wangeweza kusimulia kwamba aliyetangulia alifutwa kabisa. Wao walichagua kusimulia juu ya kutokuwepo, kukaliwa, na mapatano yanayomwachia wa kwanza sehemu yake. Hayo ni mawazo ya kisiasa yaliyokomaa, na mawazo ni ushahidi wa historia kama lilivyo boma la mawe.

Sasa tuje kwenye kikoa, kama wataalamu wetu walivyozoea kuyaita majina ya intaneti. Mwaka 1994 Jon Postel, Mmarekani aliyekuwa akitunza orodha kuu ya majina hayo, aliandika waraka uliokuwa msingi wa mfumo mzima. Msimamo wake ulikuwa kwamba anayekabidhiwa jina la nchi ni mdhamini wa wananchi wa nchi hiyo na wa watumiaji wa dunia nzima, na kwamba si sahihi kupigania umiliki wakati kinachotakiwa ni wajibu na huduma. Kikoa cha .tz kiliandikishwa mwaka uliofuata, 1995. Kwanza kilitunzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2010 kikakabidhiwa rasmi kwa tzNIC, chombo kilichoundwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti. Kwa hiyo hata .tz yenyewe iliwahi kuhamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na ilihama kama enzi ya Milanzi inavyosimuliwa: kwa makabidhiano, si kwa kunyang'anyana.

Msomaji wa Tanzania ana faida hapa. Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1923 tumeishi na wazo kwamba ardhi haimilikiwi na mtu. Imewekwa chini ya mdhamini, zamani Gavana na leo Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Kikoa ni hivyo hivyo. Hakuna anayelinunua jina. Analipia haki ya kulitumia, mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha haki inakoma. Tofauti iko kwenye namna inavyokoma. Ili hati ya ardhi ifutwe lazima kuwe na sababu, ilani na uamuzi wa Rais. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kimila ihesabiwe imetelekezwa kama haijatumika kwa muda usiopungua miaka mitano, na inatambua kulipumzisha shamba kuwa ni kulitumia. Kwa Ufipa, ambako mkulima wa matuta ya ntumba hufukia majani ardhini na kuhamisha kilimo chake ili udongo upate nguvu, kifungu hicho si maneno matupu. Kinasema kwamba kimya cha mwenye shamba kisichukuliwe haraka kuwa ni kuaga.

Kikoa hakikuzaliwa na subira hiyo. Hapo mwanzo hakikuwa hata na tarehe ya mwisho, kwa kuwa majina ya .com yalitolewa bure. Kuisha muda kulikuja na ada: mwezi Septemba 1995, kampuni ya Network Solutions iliyokuwa ikiyaandikisha ilianza kutoza dola 100 kwa miaka miwili, na asiyelipa akawa mtu wa kufutwa. Matokeo yake yaliwapata hata wakubwa. Mkesha wa Krismasi ya mwaka 1999 huduma ya baruapepe ya Hotmail ilikwama kwa sababu Microsoft, kampuni iliyokuwa miongoni mwa zilizo tajiri kuliko zote duniani, ilisahau kulipia jina la passport.com. Mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Nashville, Michael Chaney, aliona kasoro ilipo, akalipa dola 35 kutoka mfukoni mwake, na huduma ikarudi. Aliwarudishia jina lao. Ni jambo jema alilofanya, lakini mfumo unaotegemea wema wa mpita njia una kasoro, na malalamiko ya watu wasiokuwa na bahati ya Microsoft yaliendelea mpaka mwaka 2003, ulipoanza utaratibu wa siku 30 za ukombozi kwa majina ya .com. Leo jina la .com likiisha muda, msajili, yaani kampuni iliyoliandikisha, anaweza kulishikilia hadi siku 45. Likifutwa, mwenye nalo ana siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi. Kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa. Halafu linakuwa la atakayewahi. Na wanaowahi mara nyingi si watu, ni programu zinazongoja sekunde ile.

Mtu akitaka kujua kikoa ni cha nani, asitazame tovuti, atazame rejista. Rejista ya .tz ilijengwa juu ya programu ya FRED, kazi ya CZ.NIC, wasimamizi wa kikoa cha Ucheki, na majibu yake ni mafupi: mstari wa jina, mstari wa mwenye jina, mstari wa msimamizi, msajili aliyeliandikisha, siku lilipoandikishwa, siku lilipobadilishwa, siku litakapokoma. Basi. Hakuna mstari wa aliyejenga tovuti, wala wa shule inayojulikana mkoa mzima, wala wa risiti zilizolipwa kwa fedha za wanachama. Hapo kwenye mstari wa mwenye jina ndipo mambo huharibika. Kijana wa kompyuta huombwa na taasisi aifungulie tovuti. Ili kazi iende haraka anajaza jina lake, namba yake na baruapepe yake. Hana nia mbaya. Miaka mitatu baadaye yuko Mbeya au Dodoma kwa kazi nyingine, na ilani ya kuisha muda inatumwa kwenye baruapepe asiyoifungua tena. Taasisi inasema jina ni letu, na wote wanajua ni lao, lakini rejista haisikilizi vinywa.

Ndiyo maana kuhamisha umiliki na kuhamisha usajili ni mambo mawili, ingawa watu huyachanganya kila siku. Kumwacha msajili mmoja na kwenda kwa mwingine kunahitaji namba ya siri ya uhamisho, ambayo hupewa yule aliyeandikwa kuwa mwenye jina; ukiipata, jina linahama duka, lakini mstari wa mwenye jina unabaki vilevile. Kubadilisha mstari huo ndiko kuhamisha umiliki, na kunahitaji ridhaa ya aliyeandikwa, au nyaraka za kuonyesha kwamba taasisi ndiyo mwenye haki. Taasisi isiyo na muhtasari wa kikao, mkataba wala risiti yenye jina lake imebaki na grisi bila hati: mitambo ni mizima, tovuti ina picha zake zote, lakini meli ni ya mwingine.

Wapo watakaosema haya yote ni stahiki ya wazembe. Jina lisilolipiwa liachwe huru. Bila hivyo wafu wangeshikilia majina ya walio hai, na kijana anayeanza biashara leo asingepata jina la maana. Hoja hii ina nguvu, na siipingi. Ardhi iliyotelekezwa nayo hurudi kijijini. Ninachopinga ni kuulinganisha usahaulifu na kuacha. Sheria ya vijiji inatoa miaka mitano, .com inatoa chini ya miezi mitatu, na kwa taasisi ambayo mtu wake mmoja anayejua nywila ameugua au amehama, miezi mitatu hupita kabla kamati haijakutana. Wengine watasema Sumbawanga haihitaji kikoa, biashara ziko WhatsApp na matangazo yako Facebook. Ni kweli kwa biashara nyingi, ila ukurasa wa Facebook hauna hata rejista unayoweza kuisoma. Aliyeufungua ndiye bwana wake, na kampuni iko juu yake. Tena kikoa hubeba zaidi ya tovuti. Atakayelichukua jina lako lililokoma ataanza kupokea barua zinazotumwa kwenye anwani zako za zamani, zikiwemo za benki na zile zinazotumwa mtu anapobonyeza kwamba amesahau nywila. Hapo hakuna hasara ya picha tu.

Ofisi za serikali zimekingwa kwa sehemu, kwa kuwa majina ya .go.tz hayapewi mtu binafsi, nayo Mamlaka ya Serikali Mtandao ina usemi juu yake. Hatari kubwa iko kwa wengine, na huzidi pale jina la taasisi linapobadilika. Ufipa umebadilisha majina mara nyingi. Jimbo Katoliki la Karema likawa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969. Mpanda ilitolewa Rukwa na kuwa sehemu ya Katavi mwaka 2012, na mwaka huo huo Kalambo ikajitenga na Sumbawanga Vijijini. Zamani mabadiliko ya namna hii yalimaliza karatasi za barua na mihuri. Leo kila badiliko linaacha nyuma jina la zamani ambalo hakuna anayeona sababu ya kuendelea kulilipia, wakati barua bado zinakuja huko.

Na sheria za dunia hazilindi jina la mahali kama zinavyolinda alama ya biashara. Halmashauri ya jiji la Barcelona ilishinda mbele ya wasuluhishi wa WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki, mwaka 2000 dhidi ya kampuni iliyoandikisha barcelona.com, lakini mwaka 2003 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba jina la mji ni jina la mji tu na kampuni ikabaki nalo. Ikiwa mji wa hadhi hiyo, wenye mawakili, ulikosa jina lake, ni vizuri kujua majina yetu yako wapi. Nkansi limerudi katika wilaya ya Nkasi, likiwa na halmashauri, bajeti na anwani ya serikali. Lyangalile halina wilaya. Wazee wanalijua, watafiti wameliandika, lakini serikalini halina ofisi ya kulidai, na utaratibu wa kuandikisha vikoa ni wa anayetangulia.